Kifungu cha Tisa

12 Januari

Mpwa wangu,

Nianze na salamu kabla hujasema mjomba hana adabu. Huku tupo, tunapumua. Mama yako amepaka chumba chako rangi ya kijani ambayo ningeiogopa hata kwenye ukuta wa gereza, lakini dada yangu haambiliki tangu utotoni. Bado ananiita Kiberiti mbele ya wageni, mimi mtu wa miaka hamsini na mbili ambaye mgongo unalia nikiinama kufunga kamba za viatu.

Nakuandikia kwa mkono kwa sababu nikikupigia simu unasema "sawa mjomba" mara saba, kisha tunakata na sijaambiwa kitu. Nawe nijibu kwa mkono. Karatasi haikubali "sawa mjomba".

Haya. Nimeteuliwa kwenye tume ya kurekebisha michezo ya vyuo. Ndiyo, mimi, niliyewachapa gazetini miaka kumi na tano. Nadhani wameona ni rahisi kunipa kiti kuliko kunijibu. Mwenyekiti wetu ni jaji mstaafu, mama mmoja mtulivu anayemung'unya peremende na kusoma kila sentensi mara mbili. Mimi ndiye mwandishi wa rasimu.

Msimamo wangu unaujua. Kila mwanafunzi analipa ada ya michezo, hata yule ambaye hajawahi kurusha jiwe. Kampuni ya vinywaji imebandika jina lake vifuani mwenu. Mlangoni watu wanakata tiketi. Na bado mnasafiri kwa basi lenye viti vilivyofungwa kwa waya! Fedha inaingia kwa mlango wa mbele ikipigiwa makofi, na hakuna aliyewahi kuiona ikitoka. Wakuu wa vyuo wanawaita wachezaji siku ya kombe, na siku ya kuumia mnageuka wanafunzi kama wengine.

Nataka kujua kutoka ndani. Wewe ni nahodha wa timu ya kikapu ya chuo kile kile nilichosoma mimi, na uko hapo kwa nafasi ya mchezo: ukicheza unasoma bure na kulala bure. Nani anaamua mambo yenu? Wanakutana wapi? Nani anaandika muhtasari? Niandikie yote.

Mjombako


8 Februari

Shikamoo mjomba,

Barua imefika ikiwa imekunjwa kama leso, lakini inasomeka. Mimi nipo. Bwenini maji yanatoka Jumanne na Ijumaa. Mwenzangu wa chumba anasomea uuguzi na ana mtihani, kwa hiyo anakariri mifupa kwa sauti, na mimi nalala nikihesabiwa mbavu. Mwambie mama kijani ni rangi nzuri.

Umeuliza nani anaamua. Kamati ya Michezo ina watu watano, na mmoja wao ndiye wote watano. Huyo ni Mlezi wa Michezo. Anakusalimu sana, anasema mlicheza pamoja. Kuhusu mikutano na muhtasari, naomba tuyaache kwanza.

Kuna jambo dogo. Mama asijue. Mechi ya mwisho ya Januari niliruka kudaka mpira nikatua vibaya, goti likaenda upande wake na mimi upande wangu. Daktari anasema kano imekatika. Upasuaji, halafu miezi tisa bila kukimbia. Asiyecheza mihula miwili anarudisha ufunguo wa chumba, na ada anajilipia. Maana yake mpaka Septemba mimi ni mwanafunzi. Baada ya hapo sijui.

Nilikwenda kwa Mlezi. Akaniambia lipo azimio la kamati: mchezaji akiumia anajitibu mwenyewe, na masharti ya nafasi hayabadiliki. Nikapanda kwa Mkuu wa Chuo. Akanifungulia katiba ya michezo, kifungu cha tisa: "Kamati ya Michezo haitahojiwa na mtu wala chombo chochote, ndani ya chuo wala nje." Akasema mikono yake imefungwa. Akaninyooshea niione. Ilikuwa na saa nzuri sana.

Mjomba, wewe unajua mambo ya sheria. Mtu anakaaje akaandika kitu kama hicho?

Mpwa wako


20 Februari

Mpwa wangu,

Pole. Pole sana, mwanangu. Nimesoma barua yako nikiwa nimesimama, nikashindwa kukaa. Mama yako nimemwambia una mafua. Nimedanganya vibaya, akanitazama kama mtu anayepima kitambaa.

Basi hao ndio watu wetu! Miaka miwili wamelitumia goti lako kuuza tiketi. Picha yako ipo kwenye lango la chuo, nimeiona mwenyewe, umeruka, jina la soda limekaa sawasawa juu ya moyo wako. Goti lilipokuwa zima lilikuwa mali ya chuo, na sasa limekatika limerudishwa kwa mwenyewe bila hata barua ya shukrani. Nimeanza sura nzima ya rasimu juu ya hili. Ninataka mfuko wa matibabu utakaokatwa kwenye fedha za wafadhili kabla hazijafika mikononi mwa kamati. Ninataka wakaguzi kutoka nje, na hesabu zibandikwe ukutani zisomwe na kila mwanafunzi aliyelipa ada. Ninataka wachezaji wachague wawakilishi wao wenyewe, na nafasi ya mchezo isifutwe kwa sababu ya jeraha la mchezo. Aibu hii haina jina.

Mlezi, ndiyo, tulicheza pamoja. Alikuwa na pasi nzuri.

Nipe ushahidi wa maandishi niusome mbele ya tume. Na hilo azimio, nitafutie nakala. Lilipitishwa lini, na nani walisaini? Jaji haamini hadithi, anaamini saini.

Mjombako


29 Machi

Mpwa wangu,

Hatujambo. Mama yako anauliza mafua gani haya.

Mwezi mzima na zaidi, kimya. Posta wanasema barua yangu ilifika. Nahitaji nakala ya azimio. Tume inakutana baada ya wiki tatu. Ukinyamaza unamsaidia Mlezi, hutaki kuliona hilo?

Mjomba


17 Aprili

Shikamoo mjomba,

Nisamehe kuchelewa. Sijafa. Mwenzangu wa chumba amefaulu mifupa, sasa yuko kwenye damu. Natembea na gongo moja, la pili nimemwachia msichana wa mpira wa wavu ambaye ana hali mbaya kuliko mimi.

Mlezi amenipa kazi ya stoo nyuma ya ukumbi, kuhesabu mipira na kukunja jezi. Anasema ni kunisaidia nisikae bure. Stoo ina harufu ya mpira uliokufa na soksi za vizazi vitatu.

Naomba nisitoe ushahidi. Nakala ya azimio haipatikani.

Mjomba, barua yako ya Februari ilikuwa na kurasa nne. Nimezisoma mara tatu nikitafuta jibu la swali langu. Umezungumzia wakaguzi, wafadhili, soda, mpaka picha yangu ya langoni. Kifungu cha tisa hukukigusa. Wewe ambaye unaweza kugombana na tangazo la sabuni.

Sidai. Nimeona tu.

Mpwa wako


21 Mei

Mpwa wangu,

Salamu. Huku mvua imetuachia kuta zenye ukungu, na rangi ya mama yako sasa ina madoa, angalau imepata sura. Mgongo ni ule ule.

Nakutumia rasimu. Kurasa arobaini. Nimechoka, mwanangu. Zamani nikimaliza kuandika nilikuwa nahisi nimeshinda vita, siku hizi nahisi nimemaliza kufua tu. Watu wa vyuo wanakuja mbele ya tume wakiwa na suti na karatasi zisizo na kitu, wanasema "tunaunga mkono mageuzi" na wanatutakia siku njema. Ningependa mmoja anitukane tu, nijue kuna mtu ndani.

Isome. Niambie kama kuna pengo.

Mjombako


13 Juni

Shikamoo mjomba,

Nimeisoma. Ni nzuri. Ile sura ya mfuko wa matibabu nimemsomea mwenzangu wa chumba, akasema aliyeandika hivi lazima amewahi kuumia.

Pengo lipo, na nadhani unalijua. Kurasa arobaini na kifungu cha tisa hakimo. Wakaguzi wako watafika mlangoni, kamati itawaonyesha kifungu cha tisa, nao watageuza gari.

Sasa nikwambie nilichokuta stoo. Chini ya vikombe vilivyopata kutu kuna sanduku la bati, na ndani yake katiba ya michezo ya kwanza kabisa, ya miaka thelathini iliyopita. Haikupigwa chapa. Imeandikwa kwa mkono. Mjomba, tangu Januari nimekuwa nikipokea barua zako kwa mwandiko huo huo. Herufi ya "t" unaipiga mstari kama mtu anayempiga mwenzake kofi. Nilifika kifungu cha tisa nikaketi juu ya kapu la mipira. Chini kabisa: "Katibu, Kiberiti." Shahidi aliyesaini pembeni ni Mlezi.

Ungenipigia simu, nisingejua.

Nilimpelekea Mlezi ile karatasi. Hakushtuka. Alisema, "Mwulize mjomba wako kwa nini alikiandika. Mimi ninakitii tu." Halafu akaniuliza kama jezi zimetimia.

Nilikuwa na hasira wiki nzima, lakini siwezi kukutupia jiwe, kwa sababu na mimi nina langu. Nilikudanganya. Nakala ya azimio ninayo tangu Februari, Mlezi mwenyewe alinipa, imekaa chini ya godoro.

Ndivyo mambo yanavyokwenda hapa. Kila safari, basi likishatoka langoni, Mlezi hupitisha karatasi. Ukisaini unapewa mkate na chupa ya maji. Juu ya karatasi huwa pameachwa nafasi tupu, kama vidole vinne hivi. Nahodha anasaini wa kwanza. Wote tulidhani ni orodha ya mkate. Kumbe wakirudi ofisini ile nafasi inajazwa: "Mkutano wa Kamati na wachezaji. Imeazimiwa kwa kauli moja." Azimio la mchezaji kujitibu mwenyewe lilipita Novemba. Saini ya kwanza ni yangu. Nimejifukuza chuo mwenyewe, mjomba, kwa mkate.

Na hata mkate wenyewe ulikuwa wa jana.

Ndiyo maana nilinyamaza. Nilijua utaisoma karatasi hiyo mbele ya jaji, na jaji ataona jina langu. Sasa nakutumia zote mbili, yako na yangu. Sharti langu ni moja: zisome zote mbili, au usisome hata moja.

Mpwa wako


2 Julai

Mpwa wangu,

Leo sina salamu nyingi. Tupo.

Umeuliza mtu anakaaje akaandika kitu kama hicho. Anakaa kwenye ngazi za uwanja, ana miaka ishirini na miwili, na amekasirika. Mkuu wa Chuo wa wakati ule alikuwa amechukua fedha za timu akajengea uzio wa nyumba yake, na tulipouliza akaivunja timu. Tuligoma wiki tatu. Aliposalimu amri alituambia andikeni katiba yenu, nitasaini. Nikaandika. Kifungu cha tisa nilikitunga mwisho, na nilipokisoma kwa sauti wenzangu walinibeba juu. Mlezi alikuwa kapteni wangu. Alinibeba bega la kushoto.

Tulifikiri mwizi atabaki nje daima. Sikuuliza itakuwaje akizaliwa ndani. Nilifunga mlango kwa komeo nililolitengeneza mwenyewe, nikaenda zangu kuandika magazeti, nikamwachia rafiki yangu chumba kizima. Miaka yote hii nimewatukana watu kwa kujiwekea sheria zisizohojiwa, na iliyo kali kuliko zote ni yangu. Nyani haoni kundule. Mimi nililiona, mpwa wangu, hilo ndilo baya. Nililiona siku ile ile nilipopata barua yako ya Februari, nikageuka upande wa pili nikaanza kupiga kelele juu ya soda.

Niliogopa jaji. Sio hukumu yake, peremende yake. Niliogopa aitoe mdomoni aniangalie.

Na wewe hujajifukuza. Uliomba maji safarini. Mtu mwenye kiu hasomi mkataba. Lakini najua nikikwambia hivyo hutaamini, kama mimi nisivyoamini nikiambiwa nilikuwa kijana.

Nitazisoma zote mbili.

Mjombako


4 Agosti

Mpwa wangu,

Mama yako anakusalimu na ameacha kuuliza juu ya mafua. Sijui maana yake.

Nilizisoma Alhamisi moja katikati ya Julai, ya kwangu kwanza. Chumba kilikuwa na feni moja inayogonga, na kila ikigonga nilipotea mstari. Nilipomaliza ya kwako, mjumbe mmoja wa vyuo alicheka, akasema, "Kumbe wachezaji wenyewe ndio walioamua." Jaji akamwambia, "Na wewe fomu ya posho uliyosaini asubuhi, uliisoma?"

Kisha akanigeukia mimi. Peremende aliitoa kweli, akaifunga kwenye karatasi yake.

"Mwandishi, katika kurasa hizi arobaini, kifungu cha tisa ulikisahau?"

"Sikukisahau, mheshimiwa."

"Basi nenda ukapumzike."

Nilidhani anasema chai. Alimaanisha tume. Rasimu imekabidhiwa kwa mwingine, kijana anayeandika kama anayejaza fomu ya pasipoti. Nilikaa kwenye benchi la nje na wahudumu, na mmoja wao akanipa gazeti langu mwenyewe nifungie vitafunio. Nilistahili.

Nikwambie walichoamua, maana ndicho unachosubiri. Kifungu cha tisa kimefutwa, katika vyuo vyote vyenye kifungu cha namna hiyo. Wawakilishi wa wachezaji watachaguliwa kwa kura, wakaguzi watatoka nje, na mkutano utafanyika chumbani, muhtasari usomwe kabla ya mtu kusaini. Mfuko wa matibabu upo, umepunguzwa nusu. Asiyecheza kwa jeraha hapotezi nafasi. Yote yanaanza Januari.

Na hayarudi nyuma. Maamuzi yaliyokwisha kufanyika yanabaki. Nilimwandikia jaji barua tatu. Alijibu moja, mstari mmoja: "Sheria inayorudi nyuma ndiyo ndugu wa kifungu cha tisa." Nimetafuta kosa katika sentensi hiyo siku tatu. Silioni, na sijawahi kuchukia ukweli kiasi hiki.

Nimeshindwa kukuokoa, mwanangu. Nimefanikiwa kumwokoa mtu nisiyemjua, atakayevunjika Februari.

Mjombako


29 Agosti

Shikamoo mjomba,

Nimepata barua. Usihangaike kutafuta kosa la jaji, mwache apumzike na peremende zake.

Mama anajua. Amejua tangu Machi, mwenzangu wa chumba alimpigia simu. Anasema mafua hayachukui miezi saba na ndugu yake hajawahi kujua kudanganya, ndiyo maana hakupata cheo. Hajalia. Ameniambia chumba kipo, kitanda kimepata godoro jipya, na hospitali ya huko imeniandika kwenye orodha ya upasuaji ya Novemba. Masomo nitayashika tena mwakani ikiwezekana. Isipowezekana tutaona.

Mlezi bado yupo ofisini mpaka Desemba. Tukikutana ananisalimu vizuri. Juzi ameniuliza kama wewe bado unaumwa mgongo. Nikasema ndiyo.

Jumatatu alikuja nahodha mpya kuchukua ufunguo wa stoo. Ni msichana wa mwaka wa pili, miguu mirefu, maneno machache. Nilimwonyesha mipira, jezi, pampu inayovuja. Halafu nikamwonyesha karatasi ya mkate na ile nafasi tupu ya vidole vinne. Nikamwambia, "Januari ni mbali. Safari zenu ni Jumatano." Akaitikia kwa kichwa tu. Nikadhani hajaelewa.

Jana amekuja kunisimulia. Basi lilitoka langoni, karatasi ikapita. Yeye akachukua kalamu na rula, rula mjomba, alikuwa ameibeba kwenye begi la viatu, akapiga mstari kwenye ile nafasi tupu kutoka kona hadi kona. Kisha akasaini chini yake. Wenzake kumi na mmoja wakasaini chini yake. Karatasi ilipomrudia Mlezi, akaitazama mpaka basi likavuka daraja.

"Hii ni nini?"

"Ni mstari, mwalimu."

"Nani amekufundisha?"

"Stoo."

Dereva ndiye aliyecheka. Mlezi akaikunja karatasi akaitia mfukoni, mkate ukagawiwa kama kawaida. Mechi wamefungwa kwa pointi kumi na moja.

Picha yangu ya langoni wameishusha. Nilipita wakati fundi yuko juu ya ngazi. Akaniuliza kama naitaka, nikamwambia haiingii sandukuni.

Ufunguo wa chumba narudisha Jumamosi kabla ya saa nne. Sanduku langu ni zito, vitabu vimo, na ngazi za bweni ni ghorofa tatu na mimi nina goti moja. Njoo unibebee. Najua mgongo wako, tutashikana.

Usije na hotuba.

Mpwa wako


1 Septemba

Mpwa,

Jumamosi, saa mbili asubuhi, mlangoni.

Mjomba